Mpwa wangu ana pepa ya Macbeth. Mwalimu kasema dhamira kuu ni tamaa ya madaraka, mimi naona ni ramli chonganishi. Wajuvi njooni

#1 Ngosha wa Buhongwa
Mwangaluka wakuu.

Nina mpwa wangu anasoma shule moja ya binafsi hapa Mwanza, wanafanya mtihani wa Cambridge, ni sawa na kidato cha nne. Kwenye fasihi ya Kiingereza wamepewa Macbeth ya Shakespeare. Jumamosi kaja kwangu na insha iliyorudishwa, alama za kusikitisha. Swali lilikuwa ni kitu gani hasa kilimwangusha Macbeth. Dogo kaandika: wachawi watatu. Mwalimu kapiga mstari mwekundu, pembeni kaandika "tamaa ya madaraka, rudia kitini."

Nikasema ngoja nikisome mwenyewe hiki kitabu. Nimekimaliza, na kwa akili zangu za Kisukuma dogo yuko sahihi. Jamaa anatoka vitani, shujaa, mfalme anamsifia, hana ugomvi na mtu. Njiani anakutana na vibibi vitatu vyenye ndevu, vinamwambia utakuwa mfalme. Kuanzia hapo hana amani tena. Hii kama siyo ramli chonganishi ni nini? Kanda ya Ziwa tumezika watu wangapi kwa staili hii hii?

Pepa inakaribia na ada nalipa mimi. Karibuni.

#2 Sato wa Kukaanga
Nimewahi siti ya mbele. Endeleeni.

#3 HKL Damu
Mkuu, mwalimu yuko sahihi, usimharibie mtoto. Fungua tendo la kwanza, onesho la saba. Macbeth yuko peke yake, wageni wanakula ndani. Anajiorodheshea sababu za kutomuua Duncan: ni ndugu yake, ni mfalme wake, ni mgeni aliyelala nyumbani kwake, na zaidi ya yote ni mtawala mpole asiye na makuu. Halafu anasema mwenyewe kwamba hana kinachomsukuma isipokuwa tamaa. Mshtakiwa kakiri kwa kinywa chake, wewe bado unatafuta shahidi?

#4 Jiwe la Bismarck
Mnazunguka mbuyu. Ni mke. Onesho hilo hilo la saba ulilolitaja, Macbeth anamwambia mkewe hili jambo tuliishie hapa. Kesi imefungwa. Mama akaanza kumhoji uanaume wake, na usiku uleule akaingia na visu akammaliza mzee wa watu.

Siandiki zaidi, nimeoa.

#5 Kamanga Saa Kumi
Ni majaaliwa tu wakuu. Kila kitu kilichotabiriwa kilitokea. Akawa bwana wa Cawdor, akawa mfalme, msitu ukahama, akauawa na mtu ambaye hakuzaliwa na mwanamke. Utamlaumuje mtu ambaye kitabu chake kilishaandikwa?

#6 Mama Pasiansi
Jiwe la Bismarck, hukusoma, ulisimuliwa kijiweni.

Duncan alichomwa na Macbeth kwa mkono wake. Mke aliwalewesha walinzi, akaweka visu tayari, na akasema angemmaliza mwenyewe kama mzee yule asingefanana na baba yake alivyokuwa amelala. Visu alivirudisha baadaye kwa sababu mumewe alitoka navyo mkononi ameduwaa, hawezi kurudi chumbani.

Tuendelee. Banquo, mwenzake aliyekuwa naye alipokutana na wachawi, aliuawa kwa mpango wa nani? Macbeth alimwambia mkewe asijisumbue kujua, atashangilia kazi ikiisha. Mke wa Macduff, yule bwana wa Fife, na watoto wake je? Mama hayumo kabisa kwenye shauri hilo. Yeye tunamkuta tendo la tano anatembea usingizini na mshumaa, anasugua mikono isiyo na kitu, anauliza: bwana wa Fife alikuwa na mke, yuko wapi sasa? Huyo mwanamke ana dhambi zake na hatuzifichi. Lakini mwanaume akianguka lazima mtafute gauni la kumfunikia.

#7 Sato wa Kukaanga
Jiwe, maji ya ziwa yamekufika shingoni, usiseme tu hujui kuogelea 😂

#8 Jiwe la Bismarck
Mama umenijia na panga. Sawa, mkono ni wa mume. Lakini bila maneno ya mke usiku ule Macbeth angepanda kitandani akalala, na Duncan angeamka akanywa uji wake. Hapo sibanduki.

#9 Ngosha wa Buhongwa
Kamanga, umenisaidia bila kujua. Kama yote yalitimia basi wale vibibi walikuwa na kitu. HKL, mtu aliyetabiriwa ufalme na wachawi, papo hapo akapewa cheo cha Cawdor walichomtajia, hata wewe ungeacha kazi usubiri.

#10 HKL Damu
Kamanga, "kila kitu kilitokea" ndiyo namna ya kusoma kitabu kwa kusikia. Msitu haukuhama. Malcolm, mtoto wa Duncan, aliwaamuru askari kila mmoja akate tawi la mti pale Birnam, alishike mbele yake, ili adui asijue idadi yao. Hiyo ni mbinu ya vita, hata kwenye mafunzo ya JKT wanafundisha kujificha. Na Macduff aliyemuua Macbeth alizaliwa kwa upasuaji. Mama yake yupo, ila hakumsukuma.

Na Ngosha, nitajie mstari ambao wachawi wanamwambia Macbeth "muue Duncan." Nipo, nasubiri.

#11 Binti wa Magu
Nimesoma uzi huu nikiwa kazini na umenigusa pabaya. HKL, nikusaidie: mstari huo haupo, na mpiga ramli hausemi. Hahitaji.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na macho mekundu. Kijijini kwetu miti ilishaisha, wanapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, na jiko lenyewe ndani halina dirisha. Miaka hamsini ya moshi. Jirani yetu alifiwa na watoto wawili kwa mfuatano, akaenda kwa mganga. Mganga hakutaja jina. Alimwambia: anayekumaliza ni mwanamke, mtu mzima, anakaa upande linakotua jua, na umewahi kula kwake. Basi. Jirani ndiye aliyejaza jina, akiwa njiani anarudi nyumbani.

Sasa ninyi wa tamaa sikilizeni na hiki. Jirani huyo na bibi walikuwa wanagombea mpaka wa shamba la mpunga tangu mimi sijazaliwa. Upande huo linakotua jua kulikuwa na nyumba nyingine tatu zenye wanawake watu wazima. Kwa nini jina lilikuwa la bibi?

Bibi aliwahi kutoroshwa usiku, akaishi na sisi Igoma mpaka alipofariki kwa amani. Wengine wengi hawakuwahi.

#12 Mama Pasiansi
Pole sana Binti. Apumzike bibi.

#13 Ngosha wa Buhongwa
Pole dada. Lakini si ndiyo hoja yangu? Bila mganga, ule ugomvi wa mpaka ungebaki ugomvi wa mpaka, wangefikishana baraza la kata.

#14 HKL Damu
Na ndiyo yangu pia. Mganga alitoa fumbo, chuki ilikuwa tayari imeiva. Macbeth aliposikia "mfalme" alishtuka. Banquo akamshangaa, akamuuliza kwa nini unaogopa jambo zuri namna hii? Mtu hashtuki hivyo kwa wazo ambalo halijawahi kumpitia. Banquo naye aliambiwa uzao wake utatawala. Maneno ya watu wale wale, uwanja ule ule, dakika ile ile, mbona hakuua?

#15 Mchimba Sheria
Tuweke na vifungu. Shakespeare aliiandika Macbeth mnamo 1606. Miaka miwili nyuma, 1604, Bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha sheria kali dhidi ya uchawi. Kwa watazamaji wa kwanza wale vibibi hawakuwa mapambo, walikuwa kosa la jinai lenye kamba shingoni. Huku kwetu Mwingereza alituachia Sheria ya Uchawi ya 1928 ambayo ipo mpaka leo, inambana anayejidai ana nguvu hizo na anayemsingizia mwenzake uchawi. Na mwaka 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli kwa ajili ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino.

Kwa hiyo Ngosha, mpiga ramli ana kesi yake. Lakini aliyeshika kisu ana kesi ya kuua, na hakuna hakimu atakayekubali utetezi wa "niliambiwa na kibibi njiani."

#16 Nahodha Mwaloni
Naona wasomi mmeruka sehemu nzuri kuliko zote. Mimi nafanya biashara ya dagaa Kirumba, kitabu nilikiazima kwa binti yangu kwa sababu nilimsikia anakisoma kwa sauti, nikasikia habari ya chombo na dhoruba.

Kabla Macbeth hajafika, wale wachawi wanapiga soga. Mmoja anasema alimkuta mke wa baharia anatafuna njugu zake, akamwomba, akanyimwa na kufukuzwa. Mume wa yule mama kasafiri na meli iitwayo Tiger kwenda Aleppo. Mchawi anaapa atamfuata kwa chekeche (wa kwetu ungo, wao chekeche, fani moja). Wenzake wanamchangia upepo. Atamkausha, atamnyima usingizi wiki baada ya wiki. Halafu anasema neno ambalo mimi nililirudia mara mbili: chombo chake hakiwezi kupotea, ila kitapigwa na tufani.

Mmeelewa hapo? Hana uwezo wa kuzamisha. Uwezo wake unaishia kwenye kukutesa. Ukizama, umezama kwa usukani wako. Shakespeare kaweka mpaka wa nguvu zao mapema kabisa, shujaa hajaingia hata jukwaani.

Na angalia adhabu aliyopewa baharia: kukosa usingizi. Macbeth akishaua anasikia sauti inapiga kelele kwamba ameuua usingizi. Sijui kama ni bahati.

#17 Sato wa Kukaanga
Nahodha!!! Kumbe Mwaloni kuna maprofesa wamejificha nyuma ya magunia.

#18 Kisumu Ndogo
Hamjambo watu wa ng'ambo. Nahodha amemaliza kazi, hiyo hoja ya baharia ningeipa alama zote.

Huku kwetu kwenye fasihi mwanafunzi akipewa dondoo huulizwa muktadha: nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa nini. Mwambieni kijana afanye hivyo kwa kila neno analonukuu. "Macbeth ana tamaa" haitoshi. Anasema hayo akiwa wapi? Nje ya chumba cha chakula, mgeni atakayeuawa yuko ndani anakula. Hapo insha inapata uhai.

#19 Mwalimu Mstaafu
Nimefundisha somo hili muda mrefu, niongeze machache.

Vijana, mtahini hatafuti jibu la kitini. Akisahihisha rundo zima lililoandika "tamaa" kwa maneno yale yale, anachoka. Insha ya mtoto haikuanguka kwa sababu ya wachawi, nadhani ilianguka kwa kusimulia hadithi badala ya kujenga hoja. Ngosha, ukipata nafasi itazame tena.

Kama nia ni kutetea wachawi, atazame jukwaa. Wachawi wale Macbeth na Banquo wanawaona wote wawili, na wanazungumza nao wote wawili. Kisu kinachoning'inia hewani anakiona Macbeth peke yake. Mzimu wa Banquo kwenye karamu unakaa kwenye kiti cha Macbeth, na katika ukumbi mzima anauona yeye tu. Mwandishi anajua tofauti ya kilichopo na cha kichwani. Lakini akifika tendo la nne anavuruga tena: Macbeth anamuuliza Lennox, mmoja wa mabwana wake, kama amewaona wale kina mama wakipita, Lennox anasema hapana bwana wangu.

Lipo pia suala la ikulu. Mwaka 1603 Mfalme James wa Uskoti alipokea na kiti cha Uingereza, na kampuni ya Shakespeare ikawa chini ya ulinzi wake. Huyu ndiye aliyechapisha kitabu kizima juu ya mashetani na wachawi mwaka 1597, na aliamini wachawi walimwitia tufani alipokwenda kumchukua mkewe Denmark. Nahodha, baharia wako ana historia. Ongeza njama ya baruti ya 1605, jaribio la kumlipua mfalme bungeni. Tamthiliya ya kuua mfalme, mwaka mmoja baadaye, lazima muuaji aishie pabaya.

#20 HKL Damu
Shikamoo mwalimu. Je, Macbeth alikuwepo kweli? Niliwahi kusoma alitawala miaka kumi.

#21 Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Alikuwepo, na alitawala 17, kuanzia 1040 hadi 1057. Duncan wa kweli hakuwa mzee wala hakuchomwa kitandani, alikufa vitani. Na Macbeth alitawala kwa utulivu wa kutosha kiasi cha kwenda kuhiji Roma mwaka 1050.

#22 Jiwe la Bismarck
Kwa hiyo jamaa kachafuliwa jina na msanii. Nasikia hiki kitabu Nyerere ndiye alikitafsiri kwa Kiswahili?

#23 Mama Pasiansi
Jiwe pumzika. Nyerere ni Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Makbeth ni ya S. S. Mushi, 1968. Niliikuta maktaba ya shule bila jalada, imekatwa kurasa za karamu.

#24 Jiwe la Bismarck
Nani kakata? Kuna mwanamke hapo, nahisi.

#25 Ngosha wa Buhongwa
Jiwe 😂😂

Nimetazama insha ya dogo upya. Mwalimu Mstaafu kasema kweli, kurasa mbili ni "halafu akaenda, halafu akasema." Nimempa simu hapa asome uzi mwenyewe. Ana swali.

#26 Ngosha wa Buhongwa
shikamooni wote, ni mpwa wake anaandika. nimewaelewa nahodha na dada wa magu, nitatumia baharia. swali langu ni banquo. anko HKL umesema banquo hakuua. lakini tendo la tatu mwanzo anajisemea kwamba macbeth sasa amepata vyote walivyomwahidi na anahofia alicheza mchezo mchafu. alijua! kwa nini hakuwaambia mabwana wengine? alikaa kimya akakubali kwenda karamuni

#27 Sato wa Kukaanga
Dogo katupa nyavu. Anko HKL upo?

#28 HKL Damu
Marahaba kijana. Hana ushahidi. Ana hofu tu, na Macbeth ni mfalme tayari. Ukimshtaki mfalme kwa hisia unapoteza kichwa. Watoto wa Duncan wenyewe walikimbia, mmoja Uingereza, mwingine Ireland.

#29 Binti wa Magu
Ushahidi anao. Alikuwepo ramli ikipigwa. Hakuna mwingine Uskoti nzima aliyejua kwamba Macbeth aliambiwa atakuwa mfalme, ukimtoa mkewe. Angefungua mdomo, kila mtu angejumlisha mwenyewe.

Kijijini kwetu kulikuwa na mtu aliyemsindikiza yule jirani kwa mganga. Alisikia kila kitu. Hakuja kutuambia.

#30 Nahodha Mwaloni
Soma mistari inayofuata hapohapo, kijana. Akishasema hofu yake anaendelea: kama kwa Macbeth yametimia, basi na langu laweza kutimia, nami niweke tumaini. Halafu anajinyamazisha. Banquo kanyamaza kwa sababu nusu ya ramli ni yake. Akiikana ya Macbeth ameikana na ya mwanawe. Kwa hiyo HKL, ile hoja yako ya "mbona hakuua" ina tundu.

#31 Mwalimu Mstaafu
Swali zuri sana, kijana. Katika kitabu cha historia cha Holinshed, alichokitumia Shakespeare, Banquo alishiriki njama ya kumuua Duncan. Shakespeare akamsafisha, maana Mfalme James aliaminika kuwa wa uzao wa Banquo, na huwezi kumwonesha mfalme babu yake akinoa kisu. Lakini hakumsafisha mpaka akang'aa. Ukimya ule kauacha.

#32 Mchimba Sheria
Kujua na kunyamaza. Huku tunaita nini vile? Ngoja nisimtishe mtoto.

#33 Jiwe la Bismarck
Mimi namtetea Banquo. Ana mtoto wa kiume mdogo, na bosi wake ni muuaji. Wangapi humu mnajua mambo ya maofisini kwenu na mmetulia?

#34 Ngosha wa Buhongwa
mpwa tena. Fleance mtoto wa banquo alikimbia akaokoka. halafu? mwisho anayevikwa taji ni malcolm, fleance hatajwi tena. kwa hiyo utabiri wa banquo haujatimia mpaka kitabu kinaisha. anko kamanga alisema kila kitu kilitokea

#35 HKL Damu
Kamanga Saa Kumi, unaitwa huku na mtoto wa shule.

#36 Kamanga Saa Kumi
Nilikuwa foleni ya kivuko. Mwalimu si kashasema James ni wa uzao wa Banquo, na ndiye mwenye kiti wakati mchezo unaandikwa? Wale wafalme wanane wanaopita kwenye maono, wa mwisho kashika kioo kinachoonesha wengine zaidi. Kwa hiyo utabiri wa Banquo ulikuwa umeshatimia, watu walioingia kutazama walikuwa wanatawaliwa nao. Majaaliwa yamerudi mezani. HKL, lete na tawi lako la mti.